Maiki ya kondensa ya bei nafuu: niijaribuje kabla ya kulipa?

MsimuliziKayole
Habari zenu. Mimi husoma hadithi za watoto na kuzirekodi kwa simu, sasa nataka sauti iliyo safi zaidi. Naishi chumba kimoja Kayole, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama barabara. Nimetenga shilingi 12,000. Juzi Luthuli Avenue muuzaji alinionyesha kondensa iitwayo BM-800 pamoja na stendi, sponji na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Kijana wa vyombo kanisani kwetu naye anasema kondensa haifai nyumba zetu, itanasa kila matatu, afadhali dainamiki, ile maiki ya jukwaani isiyohitaji umeme. Nimsikilize nani? Na nikiruhusiwa kuijaribu dukani, nisikilize nini hasa?

FundiSauti_Dagoretti
Dada, tuanze na ule waya. Kondensa inakula umeme, na ya kazi hupewa volti 48 na mikseri au kadi ya sauti (kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu) kupitia waya wa XLR, ule wa pini tatu. Tundu la laptopu hutoa volti chache tu. BM-800 nyingi zitaitikia, ila sauti huingia hafifu, unapandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, na ule mlio wa "shhh" unapanda nayo. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye mikseri yenye 48V. Akikataa, ingia duka linalofuata.

Kuhusu matatu, kinachoamua zaidi ni umbali. Dainamiki husifiwa kwa kuwa watu huiweka mdomoni. Kondensa huwekwa mbali, kisha ikalaumiwa. Ukikaa shubiri moja kutoka kwa maiki badala ya mbili, sauti yako inaongezeka kama desibeli 6 na ya barabarani inabaki pale pale.

Usikubali pia kuuziwa kimya ambacho chumba chako hakina. Kila maiki ina mlio wake wa ndani: Audio-Technica AT2020 imeandikwa desibeli 20, Rode NT1-A desibeli 5. Tofauti kubwa, lakini chumba cha kulala usiku, hata mtaa uliotulia, hukaribia desibeli 30. Kayole ile 20 itamezwa na chumba chenyewe.

Dukani nenda na hedifoni zako. Nyamaza kwanza. Kelele za duka hupanda na kushuka. Mlio wa maiki umenyooka, haupumui. Ukisikia mvumo mzito, huo ni umeme wa ukutani, hezi 50, na mara nyingi tatizo ni waya.

Kisha soma kwa sauti yako ya hadithi: "Sasa shangazi anasuka shungi la Zuhura." Hapa usiwe na haraka. Kondensa nyingi za bei ya chini hukuzwa sauti za juu ili zisikike ng'avu, na kwa Kiswahili s, sh na z hazituishi mdomoni. Zikikuchoma masikio kwa sentensi moja, mtoto hatavumilia hadithi nzima. Irudie polepole, halafu kwa kunong'ona kama fisi anayevizia.

Ongeza "Baba alipiga pipa" usikie pumzi za p na b. Sponji peke yake haizizuii. Vuta soksi ya nailoni juu ya duara la waya wa hanga, uiweke kati yako na maiki.

Mwisho, izunguke ukihesabu kwa sauti. Kondensa hizi husikiliza kwa ubavu, si kwa ncha, na wengi huziimbia utosini. Upande unaokuleta karibu ndio mbele. Akikuruhusu kufungua kichwa, tazama ndani: baadhi zina kapsuli, kile kiini kinachonasa sauti, ndogo kama kifungo cha shati ndani ya kikapu kikubwa. Inaweza kufanya kazi vizuri tu, mradi usilipie ukubwa wa kikapu.

AltoWaKwaya
Kabla ya barabara, mwangwi. Sakafu ya vigae na ukuta mtupu huharibu rekodi kuliko honi. Tundika blanketi nzito nyuma yako wewe msomaji, kwa sababu maiki inatazama huko.

MsimuliziKayole
Asanteni sana. Sasa 12,000 itatosha maiki na kadi ya sauti?

FundiSauti_Dagoretti
Tanguliza kadi yenye 48V, hata ya mtumba, mradi uijaribu. Utabaki nayo hata ukibadilisha maiki. Kitakachosalia kikitosha BM-800 tu, ichukue bila wasiwasi, pamoja na waya wenye XLR pande zote mbili. Ule wa laptopu waachie. Rekodi kwa biti 24, sauti zako za juu kabisa zikifika kama desibeli -12 kwenye kipimo cha programu, usiogope kuwa sauti ni ndogo. Ukimaliza, weka hapa kipande kibichi, bila kukisafisha, tusikie hizo s zako.