Darasa la watoto 137: tuweke kikomo cha kuandikisha, au watoto waende wapi?

MZAZI WA VIWANJA VIPYA
Wakuu salama. Mimi nakaa pembeni ya jiji hapa Dodoma, mwanangu wa kwanza yuko darasa la pili shule ya serikali (jina silitaji, mwalimu mkuu ni mtu mwema na hana kosa). Juzi nafungua daftari lake nakuta mazoezi ya mwezi mzima hayajasahihishwa, nikawasha pikipiki kwenda kumfokea mwalimu, nimefika mlangoni nikanyamaza. Watoto 137 chumba kimoja, dawati la watatu wamekaa watano, waliobaki wako sakafuni mpaka chini ya ubao, mwalimu akitaka kuandika anaruka miguu ya watoto. Nikaomba samahani kwa neno ambalo hata sikulisema, nikaondoka.

Kiwango cha serikali kinajulikana miaka yote, darasa moja watoto 45, awali 25. Sasa kwa nini isiwe amri kabisa, ikifika hata 60 shule inafunga kuandikisha mpaka mkondo mwingine ufunguliwe? Maana hiyo 45 imekuwa kama kile kibao cha spidi 50, kila dereva anakiona na kila dereva anapita.

MSHIKA CHAKI
Nafundisha la kwanza mwaka wa nane huu, nina 130. Piga hesabu ndogo tu: nikimpa kila mtoto nusu dakika kuangalia daftari lake ni dakika 65, na kipindi chenyewe ni dakika 30. Kwahiyo nasahihisha safu mbili leo, safu mbili kesho, na wale wa nyuma kabisa kuna wiki siwafikii. Eti KKK, kusoma kuandika kuhesabu. Mtoto anaimba a e i o u na wenzake vizuri kabisa unadhani anajua, ukimsimamisha peke yake hajui herufi hata moja. Ndani ya kundi la 130 mtoto anaweza kujificha mpaka la tatu. Naunga mkono kikomo hata leo jioni.

MJUKUU WA KONGWA
Mimi napinga, na msinielewe vibaya. Kabla ya Januari 2016, elimu bila ada haijaanza, mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima sababu ya michango. Leo tumefungua mlango watoto wameingia, nyie mnataka pale getini awekwe mtu ahesabu mpaka 60 afunge. Haya, wa 61 ni nani? Hawezi kuwa mtoto wa afisa, huyo ataingia kwa simu moja. Wa 61 ni wa yule mama anayeuza mbogamboga sokoni ambaye cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimechelewa, ndo huyo atarudishwa. Bora abanane kuliko akachunge.

MSOMAJI TU
Hii ishu imefanyiwa utafiti sana. Marekani jimbo la Tennessee, kuanzia 1985, waligawa watoto kwa bahati nasibu, madarasa ya 13 mpaka 17 na mengine ya 22 mpaka 25, wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi.

BODA WA NKUHUNGU
Subiri mkuu, darasa lao KUBWA ni 25?? Hayo kwetu ni madawati matano 😂

MSOMAJI TU
Cheka ila sikiliza. California nao 1996 wakaiga, 20 kwa darasa, ikabidi waajiri walimu haraka haraka na wengi hawakuwa na sifa. Na magharibi ya Kenya karibu na 2005 walijaribu kuongeza mwalimu wa mkataba, darasa la kwanza likashuka kutoka kama 80 hadi nusu yake, lakini walimu wa zamani wa serikali wakalegea, utoro ukaongezeka. Kupunguza idadi peke yake haitoshi.

MSHIKA CHAKI
Nilijua tutafika tu kwenye "walimu watalegea". Nipe kwanza hao 40 halafu njoo uhesabu utoro wangu.

HUKU CHEMBA
Nyie wa mjini mnabishana mambo yenu. Huku darasa la mwanangu lina watoto 38, safi, chini ya kiwango. Walimu wako wanne shule nzima na mkuu humo humo, madarasa saba na awali. Mwalimu akiwa la tano, la nne linapiga kelele. Kikomo chenu hakitusaidii chochote, sisi tunalilia ikama, idadi ya walimu shule inayotakiwa kuwa nayo.

MZAZI WA VIWANJA VIPYA
Nimesoma wote. Mjukuu wa Kongwa kanibadilisha kidogo, kweli geti sio mahali pa kuweka kikomo. Lakini angalieni hii. Sensa ya 2012 jiji letu lilikuwa na watu 410,956, ya 2022 tukawa 765,179, na hapo katikati serikali yote imehamia. Mimi nimenunua kiwanja kilichopimwa, kwenye ramani pameandikwa SHULE YA MSINGI kabisa, ndo kilichonivuta. Nimejenga, nimehamia, hiyo shule mpaka leo ni miiba na mbuzi, na waliotuuzia viwanja wameshauza awamu ya pili. Sisi wote wa ramani ile watoto wetu tumewarundika shule ya zamani ya kijiji iliyojengwa kwa watu wachache. Kwahiyo kikomo kimbane anayeuza viwanja: hakuna kuuza awamu nyingine mpaka madarasa ya ile ya kwanza yamesimama na walimu wamepangwa. Mwalimu mkuu mwacheni, yeye anapokea tu.

MJUKUU WA KONGWA
Hiyo naichukua. Na wasiseme haiwezekani, pesa za UVIKO za 2021 zilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi. Ila kumbuka 12,000 yalikuwa ya sekondari. Na 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la zamani wanamaliza pamoja, wote form one 2028. Unadhani pesa itaenda msingi au sekondari?

MZAZI WA VIWANJA VIPYA
Hapo umenimaliza.

MSHIKA CHAKI
Sisi Jumatatu tunaanza zamu, 65 asubuhi na 65 mchana. Kwenye karatasi tumeshakaribia kikomo chenu cha 60. Mwalimu ni mimi mimi.

MZAZI WA VIWANJA VIPYA
Pole madam. Hao wa mchana wanaingia saa ngapi?

MSHIKA CHAKI
Saa sita na nusu. Na uji unapikwa asubuhi tu.