Re: Kijiji cha Speke, tunafikaje?

Habari za humu ndani. Nimehamia Taunton, Uingereza, kikazi na wanangu wawili. Nasikia Speke, yule msafiri Mwingereza wa Ziwa Victoria, amezikwa kijiji cha huku huku. Kuna aliyewahi kufika? Sina gari.

---

Dada, karibu Somerset. Kijiji kinaitwa Dowlish Wake, kama kilomita tatu kutoka Ilminster. Panda basi hadi Ilminster, halafu chukua teksi. Ukiwa na watoto usitembee, njia ni nyembamba na magari hutokeza ghafla kwenye kona.

Penyewe ni padogo lakini pazuri mno. Nyumba ni za mawe ya Ham Hill, rangi ya asali, na kijito kinakatiza barabarani. Pembeni yake kuna daraja la mawe la farasi wa mizigo, jembamba kweli. Watu huja pia kwa pombe ya tufaha inayotengenezwa hapo hapo.

Kanisa ni la Mt. Andrea. Ukoo wa Speke ulizikana humo karne nyingi kabla yake, makaburi yao utayaona. Speke mwenyewe alikufa tarehe 15 Septemba 1864, risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, Wiltshire. Kesho yake alikuwa akutane na Burton, msafiri mwenzake wa zamani, mjini Bath wabishane chanzo cha Nile mbele za watu. Alikuwa na miaka 37. Livingstone alihudhuria maziko.

Nakuomba jambo moja, dada: mkisimama pale, watajie watoto Sidi Mubarak Bombay. Myao, aliuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikuwa na Speke safari ile iliyofika ziwani, upande wa Mwanza, Agosti 1858, na ndiye aliyekuwa mkalimani wake, wakiongea Kihindustani. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa medali ya fedha, baadaye na pensheni. Bila yeye na wapagazi, Speke asingefika popote, na mtoto wa Kiswahili anastahili kulijua hilo mapema.

---

Naongezea kidogo. Mkikuta kanisa limefungwa, tazameni ubao wa matangazo. Makanisa ya vijijini mara nyingi huweka hapo simu ya mtunza funguo. Vaeni mabuti ya mpira. Sisi wa Bristol tunafikiria kukodi basi dogo mwezi Mei, tukipitia Taunton. Dada, tukuwekee nafasi tatu?