Re: Kaunsela kampa binti APHUG, AP Kemia kamnyima

Mama Neema (Columbus):
Shikamooni wakubwa. Wadogo, marahaba. Nina shida na ofisi ya kaunsela wa shule na kichwa kinaniuma. Binti yangu karatasi zake zilitoka, kafika Julai. Kaacha Form Three Morogoro, mchepuo wa sayansi. Hapa wamempima Kiingereza, wakamwandika ESL, darasa la Kiingereza cha wageni, wakamrudisha darasa la tisa. Ratiba imetoka, APHUG yumo (AP Human Geography, jiografia ya watu; AP ni yale masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari), Kemia ya aina yoyote hayumo. Nikauliza habari ya AP Kemia, kaunsela akatabasamu lile tabasamu lao. Anasema ripoti ya shule haina uthibitisho, niilete imegongwa muhuri na chombo kinachotambulika. Mkuu wa shule kule anasema muhuri wake si huo hapo chini? Mtihani wa NECTA, baraza la mitihani la kule, kwa Form Three haupo, ana FTNA tu, ule wa Form Two. Maswali mawili: nani anagonga? Na anaweza kufanya mtihani wa AP wa Mei bila kukaa darasani?

Baba Junior (Houston):
Peleka WES, wale wanaopima vyeti vya nje, yameisha. Mimi vyeti vyangu vyote walivipitisha wao, nikapata kazi.

Dada wa Silver Spring:
Baba Junior, WES ya nini kwa mtoto wa darasa la tisa? Hiyo ni ya chuo na kazi. Krediti za sekondari, yaani masomo aliyokwisha kuyamaliza, anaamua wilaya ya shule mwenyewe. Mama Neema, kabla ya muhuri tazama alama kwanza. Wangu alikuja na ripoti imeandikwa Chemistry 76, A. Kaunsela akaona 76, akaandika C. Kule A inaanzia 75, hapa 75 ni mtoto wa kawaida kabisa. C ya 48 ndiyo usiseme, hapa wanaisoma kuwa amefeli. Nilichapisha jedwali la madaraja la NECTA, nikalibana pamoja na ripoti, nikakaa pale ofisini mpaka wakabadilisha. Na Form Three ni mwaka wa kumi wa shule, saba za msingi ujumlishe na tatu. Kumrudisha la tisa ni uonevu, lipiganie hilo.

Baba Junior (Houston):
Sikusema lazima. Nimesema yangu yalipita.

Mwalimu Mstaafu (Dallas):
Nimefundisha Kemia miaka mingi Iringa na Dodoma, na hapa nasaidia watoto wa jirani jioni, kwa hiyo nivumilieni. Kaunsela hajakosea yote. College Board, wenye hiyo AP, wenyewe wanapendekeza mtoto awe na mwaka mmoja wa Kemia na Aljebra 2 kabla ya AP Kemia. Mtihani una maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 90, halafu FRQ 7, yale ya kuandika majibu, kwa dakika 105, na robo ya muda wa darasa inatakiwa iwe maabara. Lakini huyu binti wa Form Three mole, kipimo cha kiasi cha kemikali, ameisoma, na titresheni, kupima asidi kwa besi, ameifanya. Amejaza jedwali la vipimo, cha majaribio (pilot) kisha 1, 2, 3, anajua kusoma bureti, ule mrija wa vipimo, chini ya mbonyeo wa maji, anajua rangi ya methyl orange ikigeuka anatakiwa afunge koki upesi. Waulize watoto wangapi wa la tisa hapo shuleni wameshawahi kushika bureti.

Kinachonishangaza ni kwamba wamemnyima somo ambalo alama zake za kemikali ni zilezile dunia nzima, H₂SO₄ ya Morogoro ndiyo ya Ohio, wakampa APHUG ambayo ni kusoma Kiingereza kuanzia asubuhi mpaka jioni. Maswali 60 kwa dakika 60, kisha FRQ tatu kwa dakika 75. Kama kweli Kiingereza chake ni cha ESL, kwa nini wampe hiyo?

Mwanamombasa (Minneapolis):
Kwa sababu la tisa wengi hupewa APHUG, Mwalimu. Ni ratiba tu, hakuna aliyemfikiria.

Kaka Bukavu (Louisville):
Jambo bandugu. Wangu alisoma programu ya Congo pale Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, makaratasi yote Kifaransa, muhuri wa kambi. Hapa hawakujua ni Tanzania ao ni Congo. Wakamweka APHUG vilevile. Wiki ya uhamiaji mwalimu anauliza nani atatoa mfano wa mkimbizi na sababu zinazomsukuma kuhama. Darasa lote linamgeukia yeye. Mtoto akajibu: Ukraine. Nilicheka nikalia. Kisha wakafika mipaka iliyochorwa na wengine, Berlin 1884 na 1885, hapo ndipo aliamka, akapata 5, alama ya juu kabisa ya AP, mwaka jana. Sasa anataka kusomea mambo ya maji na barabara.

Dada wa Silver Spring:
Hongera sana Kaka! Hiyo 5 angalia chuo chake kwanza lakini. Kila chuo na sheria yake. Kingine kinatoa krediti kwa 3, kingine mpaka 4 au 5, na vile vikubwa vingine havitoi kabisa.

Baba Junior (Houston):
Kuhusu mtihani bila darasa, haiwezekani.

Dada wa Silver Spring:
Inawezekana. Mratibu wa AP wa shule ndiye anamwagizia mtihani, akikataa unatafuta shule nyingine inayokubali wa nje. Mwisho wa kuagiza ni katikati ya Novemba, ukichelewa wanaongeza dola 40. Mimi mwaka 2024 nililipa dola 98 kwa mtihani mmoja. Wenye kipato kidogo wana punguzo, ulizeni, hawakwambii wenyewe.

Mzee wa Mgeta (Tacoma):
Mimi nimewasoma kimya kimya, ila mjukuu wangu ana APHUG na juzi kaniletea huyo von Thünen wa 1826 na miduara yake ya kilimo kuzunguka mji: maziwa na mboga karibu na mji, nafaka mbali, mifugo mbali zaidi. Nikamwambia huyo Mjerumani hakufika Mgeta. Karoti na kabichi zetu zilishuka Uluguru, zikapita mashamba yote mpaka Kariakoo. Mama yangu alifunga kabichi kwenye tenga usiku, lori likipiga honi barabarani kila mtu mbio na mzigo kichwani.

Mwalimu Mstaafu (Dallas):
Mzee, shikamoo. Mchoro wake unadhani nchi ni tambarare na usafiri ni mkokoteni. Mgeta kuna baridi ya mlimani na kuna lori. Mwambie mjukuu aandike hivyohivyo, kwenye FRQ wanapenda kuuliza mchoro unashindwa wapi.

Mzee wa Mgeta (Tacoma):
Marahaba. Kabichi ya hapa haina ladha.

Mwanamombasa (Minneapolis):
Tuseme tu ukweli, hii yote ni lugha. Watanzania mnawafundisha kwa Kiswahili miaka saba kisha ghafla Kiingereza. Mtoto akifika huku lazima mtihani wa Kiingereza umkamate.

Mwalimu Mstaafu (Dallas):
Sera ya elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike ngazi zote. Sekondari wakabaki na Kiingereza. Mimi mole niliieleza kwa Kiswahili, nikisikia viatu vya mkaguzi narudi Kiingereza. Na walielewa.

Mwanamombasa (Minneapolis):
Walielewa, ndiyo. Lakini kaunsela hawahoji kwa Kiswahili.

Mama Neema (Columbus):
Binti yangu alihojiwa na alijibu vizuri tu, msimseme. Jamani, miadi ni Alhamisi saa tatu asubuhi, mume wangu yuko zamu. Kuna mtu wa Columbus mwenye gari na mdomo?

Baba Junior (Houston):
Mdomo upo, gari liko Houston.