Riwaya yangu ya TAZARA na bibi wa supu ya kusahau, naombeni ushauri

Binti_Iyunga: Habari zenu wakuu. Naandika riwaya nimekwama. Marehemu baba alikuwa kibarua ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kile kipande cha Mlimba mpaka Makambako chenye mahandaki na madaraja mengi, na jioni tukiota moto jikoni alikuwa anatusimulia habari za Mchina mmoja waliyekuwa wanabeba naye mataruma, akafia huku akazikwa huku, hakuna ndugu aliyekuja. Baba katutoka mwaka jana. Sasa kwenye riwaya huyo Mchina anakutana na Meng Po, yule bibi wa hadithi za Kichina anayewanywesha marehemu supu wasahau ya duniani ndo wazaliwe upya. Msomaji wa Mwanjelwa atamwelewa kweli au niweke tu mizimu yetu? Nataka pia kumwingiza gumiho, mbweha wa mikia tisa.

msimulizi_tukuyu: Pole sana dada. Gumiho mtoe, huyo wa Korea. Mbweha wa Wachina anaitwa huli jing, wa Wajapani kitsune, na tabia zao tofauti, kitsune wengine ni wajumbe wa Inari mungu wa mpunga, gumiho yeye anasimuliwa anakula maini ya watu. Ila Meng Po usimguse!! Mi nilivyozika mama ningepewa hiyo supu siku ile ningemaliza bakuli.

Kalenga_kwetu: Mi ningemfanya Mchina aikatae hiyo supu. Huku kwetu Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijipiga risasi 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, fuvu likarudi 1954, miaka 56 wazee wanasimulia tu mpaka likarudi na leo lipo hapa Kalenga unaliona. Halafu Wachina waliofia kwenye ile kazi ni zaidi ya 60, wana makaburi yao Gongo la Mboto, Dar, kila Aprili kwenye Qingming, siku yao ya kusafisha makaburi, wenzao wanaenda kuweka maua. Hiyo iweke, usiiache.

Binti_Iyunga: Ndaga fijo jamani, nimesoma hapa machozi yananitoka. Gumiho nimeshamfuta. Sikujua kabisa kama kuna watu wanaenda pale, baba alikufa anaamini rafiki yake hana wa kumfagilia kaburi. Aprili napanda treni niende nikamtafute, shida jina lake baba alikuwa analitamka kivyake.