Jay Peak: wenye pasi wanahesabu ofa, waliotoa dola 500,000 walipewa karatasi

Wakuu, leo nimekereka, kwa hiyo mnivumilie.

Msimu wa theluji ukikaribia huku Marekani, watu wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, hawana habari nyingine ila pasi za kutelezea mlimani. Pasi ya msimu ya Jay Peak, mlima wa skii wenye hoteli kule jimbo la Vermont mpakani na Kanada, ina ofa gani? Indy Pass, pasi moja ya milima mingi, inakupa siku mbili pale, zinatosha? Haya, hela ni zenu. Ila mnalala Tram Haus Lodge, mnaogelea ndani huku nje barafu, na sijaona hata mmoja anayeuliza majengo yale yalisimama kwa pesa za nani.

Ni za wageni waliokuwa wanatafuta grini kadi. Mpango unaitwa EB-5. Enzi hizo ulikuwa unaweka dola 500,000, zaidi ya bilioni moja kwa shilingi zetu, kwenye mradi unaotakiwa kuzalisha ajira 10 kwa kila mwekezaji, kisha wewe na familia yako mnapata ukaazi. Jay Peak wakadai na 50,000 nyingine za gharama za uendeshaji. Watu wakatoa, kutoka nchi 74.

Mwaka 2014 wale 35 wa kwanza, walioijenga Tram Haus, wakaarifiwa kwamba wao si wamiliki tena. Hisa zao zilishageuzwa kuwa hati ya deni isiyo na dhamana yoyote, kimyakimya, miezi kadhaa kabla ya kuambiwa. Mtu katoa nusu milioni, kapewa karatasi inayosema "tutakulipa". Hapo ndipo wakubwa wa jimbo walipaswa kushtuka. Wapi!

Aprili 2016 ndipo SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji, pamoja na jimbo lenyewe, wakawashtaki mmiliki Ariel Quiros na rais wa kampuni, Bill Stenger. Zilikusanywa zaidi ya dola milioni 350, na zaidi ya milioni 200 zilitumika ndivyo sivyo. SEC ikasema kama milioni 50 Quiros alijichotea: za kununulia Jay Peak yenyewe mwaka 2008, za kulipia kodi zake, za apatimenti ya kifahari New York. Pengo la mradi wa jana linazibwa na pesa za mradi wa leo. Waliopigwa na upatu wa DECI kule Tanzania 2009 hawahitaji kuchorewa ramani.

Nendeni Newport, mji mdogo jirani. Waliahidiwa kiwanda cha teknolojia ya tiba, AnC Bio. Wakabomolewa mtaa mzima katikati ya mji kupisha uwekezaji, halafu hakikujengwa kitu. Wenyeji wakaliita shimo lile Beirut Ndogo. Na waliowekeza AnC Bio wakabaki hatarini kukosa hata grini kadi, maana bila kiwanda hakuna ajira.

Quiros alipata miaka 5 jela mwaka 2022, Stenger miezi 18. Raymond James, kampuni ya huduma za fedha zilikowekwa pesa hizo, walikubali kulipa dola milioni 150. Meneja wa tawi lililohusika aliwahi kuwa mkwe wa Quiros, mtajaza wenyewe.

Kinachonichoma zaidi ni serikali ya Vermont. Kituo cha EB-5, ofisi ya kusimamia miradi hii, kilikuwa chake, na hicho ndicho kilikuwa chambo: mgeni anaambiwa huku si kwa dalali, huku ni serikali. Gavana Peter Shumlin alisimama na hawa jamaa mbele ya kamera. Mambo yalipoharibika, mawakili wa jimbo wakakimbilia kinga ya kisheria. Mwaka 2023 ndipo wakakubali kutoa milioni 16.5, kwa watu waliotoa mamia ya milioni! Mwenye pasi hakukosa siku ya kuteleza kwa ajili ya kashfa hii, kwa sababu haikuufunga mlima, na mwaka 2022 uliuzwa kwa milioni 76.

Naandika haya kwa sababu kwenye magrupu yetu ya diaspora kuna madalali wameanza tena kunadi EB-5, sasa ni dola 800,000, wanatuma picha za hoteli. Kama mmoja wenu yumo humu, jibu mawili tu: hela inakaa akaunti ya nani, na nani anasaini kuitoa? Usinitumie picha.