Misemo ya sinema: inakiua Kiswahili cha Tanga au inakikuza?

Mwalimu wa Chuda: Wanajamvi, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi. Mwanafunzi ukimtoa darasani anakuaga "nitarudi" kwa sauti ya Schwarzenegger. Akimshinda mwenzake kwa maneno anamwambia "asta la vista bebi". Dada zetu ndio usiseme, ugomvi mzima ni misemo ya tamthilia. Huu ni mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, pale Vibambani! Mimi nasema sinema imetunyang'anya ulimi, na shule zipige marufuku misemo hii. Mnasemaje?

Mgosi Barabara ya Nane: Shikamoo mwalimu. "Nitarudi" ni ya Komando, mwaka 85.

Kahawa Chungu: Ni ya Terminator, 1984. Askari wa mapokezi anamzuia, jamaa anasema nitarudi, kisha anarudi na gari na kulipitisha ukutani.

Mgosi Barabara ya Nane: Na Komando anasema pia, anamwambia yule Bennett. Kanda hiyo tumeiangalia mpaka ikachakaa, usinifundishe.

Kahawa Chungu: Sawa, zote mbili. Lakini ya 84 imetangulia.

Binti Makorora: Mwalimu, "dada zetu ndio usiseme" maana yake nini? Waliokuwa wanajazana vibanda umiza kutwa nzima ni kina nani, sisi? Sisi tulikuwa tunateka maji. Hiyo Komando na Rambo mmeleta nyie. Mfuko wa plastiki ukaitwa rambo nchi nzima, mama yangu sokoni anasema "nitilie kwenye rambo" na hajawahi kumwona Rambo hata kwenye picha ya ukutani. Mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, jina bado tunalo. Mbona hilo hukulitaja? Kwa sababu halikutoka kwa dada?

Mwalimu wa Chuda: Dada yangu, sikukusudia kumvunjia mtu heshima. Rambo ni jina la kitu. Mimi nazungumzia misemo.

Binti Makorora: Umekusudia. Lipo pale juu, tunalisoma wote.

Mpwani wa Pangani: Mnaliacha jambo kubwa. Wengi wetu hatukumsikia Schwarzenegger kabisa, tulimsikia Lufufu, mtafsiri wa kanda. Sauti yake imepanda juu ya kanda, anaeleza, anatia utani wake, anawapa wahusika maneno ambayo kwenye picha yenyewe hayamo. Mzungu anafungua mdomo, kinatoka Kiswahili cha uswahilini! Sasa msemo wa namna hiyo ni wa Hollywood au ni wetu? Kwangu mimi Lufufu ni mtunzi, na ningefurahi siku shule zikimsomesha badala ya kupiga marufuku. Hata "steringi hafi", yaani shujaa wa picha hafi, hakuna Mmarekani aliyeitamka. Tumeitunga sisi watazamaji, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi, na leo inatumika kwenye siasa, mpirani, mpaka hospitali.

Mzee wa Raskazone: Steringi hafi ni uongo. Kwenye Sholay, ile picha ya Kihindi, Amitabh anakufa.

Mgosi Barabara ya Nane: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, steringi wa Sholay ni Dharmendra. Anabaki hai na anaondoka na Hema Malini. Steringi ndiye anayeondoka na msichana.

Mzee wa Raskazone: Marahaba. Wewe mwaka 1975 ulikuwa wapi? Sisi tulipanga foleni juani. Amitabh alikuwa na sarafu yenye sura moja pande zote mbili, akairusha ili abaki yeye afe na mwenzake aokoke. Asiyekuwa steringi hafanyi hivyo. Watu wazima walitoka ukumbini macho mekundu, unaniambia Dharmendra!

Kahawa Chungu: Mzee yuko sahihi kwamba steringi anakufa. Mwaka uleule 1975 ikatoka Deewaar, Amitabh akafa tena, safari hii mikononi mwa mama yake. Ndimo alimojigamba kwa majumba na magari, mdogo wake Shashi Kapoor akamjibu "mimi nina mama". Hilo jibu moja limewanyamazisha matajiri wangapi mjini hapa!

Binti Makorora: Titanic je, 1997? Jack alikufa baharini mkalia wote, kaka zangu nyumbani nawajua.

Mgosi Barabara ya Nane: Titanic steringi ni meli.

Binti Makorora: Na meli ilizama. Umekwisha.

Mwalimu wa Chuda: Jamani, turudi kwenye mada. Shule zipige marufuku au zisipige?

Mzee wa Raskazone: Mwalimu, enzi zetu timu yetu Coastal ikifungwa uwanjani Mkwakwani, mchezaji akipita mtaani tunamuuliza "kitne aadmi the?" Walikuwa watu wangapi hao waliokushinda? Gabbar, jambazi mkuu wa Sholay, anawauliza hivyo watu wake watatu waliokimbizwa na wawili. Kisha Kaalia, mmoja wao, anajitetea kwamba amekula chumvi yake, anaambiwa sasa kula risasi. Hatukujua Kihindi, lakini hapakuwa na mtoto asiyeelewa. Na Kiswahili chetu hakikufa.

Mwalimu wa Chuda: Mzee, samahani, huenda ugonjwa ulianzia hapohapo.

Mzee wa Raskazone: Ugonjwa! Basi anza kufuta gari, chapati na laki, vyote vimetoka huko kwa Wahindi. Utaenda shule kwa miguu na utakula nini sijui. Usiwaite wazee wako wagonjwa.

Muheza Stendi: Nawashangaa. Mnagombania Amitabh na watu wa kwenu hamuwataji. Mchekeshaji King Majuto mmemsahau? Huyo ni wa Tanga hii, na tangu alipofariki Agosti 2018 sijaona anayeuchekesha mji kwa lafudhi yake wenyewe. Na Sharo Milionea, mchekeshaji mtoto wa Muheza, ajali ilimchukua Novemba 2012 akiwa anakuja nyumbani. Nani hakusema "sharobaro" miaka ile?

Mgosi Barabara ya Nane: Sharobaro ni ya Bob Junior. Studio yake ya muziki iliitwa hivyo.

Muheza Stendi: Studio ni studio. Aliyelifikisha mpaka kwa bibi yangu shambani ni Sharo. Mrudishieni haki yake marehemu.

Mzee wa Raskazone: Muheza, ngoja kwanza tumalize Sholay.

Binti Makorora: Sholay imekwisha, wote mmekosea. Aliyekatwa mikono nani? Aliyeuliwa familia nani? Aliyewaajiri hao wawili kwa pesa yake nani? Thakur. Kisasi ni chake, steringi ni Sanjeev Kumar aliyemwigiza, na hakufa.

Mzee wa Raskazone: Binti, hapo umesema. Na akamuua Gabbar kwa miguu, viatu vina misumari.

Mgosi Barabara ya Nane: Hakumuua. Polisi walifika wakamkamata.

Mzee wa Raskazone: Alimuua!

Kahawa Chungu: Ilipigwa hivyo anavyosema mzee, bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, wakapiga mwisho mwingine wenye polisi. Zipo zote mbili.

Mwalimu wa Chuda: Niliyoiona mimi polisi walifika, na baba yangu alikasirika mno. Mtu amekatwa mikono, angalau mwacheni amalize kazi yake!

Mgosi Barabara ya Nane: Sasa sema mwalimu, steringi nani?