Jiko la kuni la Dover: lifufuliwe au liuzwe kama chuma chakavu?

MkaziWaLimuru
Ndugu zangu, nyumba niliyohamia huku Limuru ina jiko la zamani la kuni aina ya Dover, la chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), ambalo halijawashwa kwa miaka mingi. Limeshika kutu, sahani ya juu ina ufa unaotoka tundu moja hadi jingine, na wavu wa kuni umelika. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshataja bei. Je, kulifufua kuna faida, au ni kujitafutia gharama?

FundiKalibu
Kutu na wavu visikutishe. Wavu ni kitu cha kulika na kubadilishwa, na karakana ya kusubu chuma inaweza kukutolea mwingine kwa kielelezo cha ule wa zamani, ingawa utatoka mdogo kidogo kwa sababu chuma hunywea kinapopoa. Kinachoamua ni kisanduku cha oveni. Usiku zima taa, weka tochi inayowaka ndani ya oveni, funga mlango, kisha chungulia kupitia mahali pa kuwekea kuni: mwanga ukipenya kwenye maungio tu, saruji ya kuhimili moto itaziba, ukipenya katikati ya bamba, chuma kimetoboka, na hapo mimi ningemwita huyo mnunuzi. Sahani usimpe fundi wa kuchomelea mageti, kwani vijiti vyake vya kawaida, pamoja na kupoa kwa ghafla, huzaa ufa mwingine pembeni. Panatakiwa vijiti vya nikeli, na sahani ipashwe moto kwanza kisha ipoe polepole.

MpishiNjoro
Kamba nyeupe ya mlangoni, kama ipo, huenda ni ya asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usiikwangue ikiwa kavu. Kuhusu faida, chuma kizito hukawia kupata moto, kwa hiyo anayechemsha chai na kuondoka atateketeza kuni bure. Jiko hili linaifaa nyumba inayokaliwa mchana kutwa, inayooka mkate na kuhitaji joto wakati wa baridi ya Julai. Kwangu chai ni ya gesi, hata jiko likiwa zima.

MkaziWaLimuru
Mwanga umeonekana kwenye maungio ya nyuma peke yake, na mama yangu hukaa nyumbani siku nzima. Nitalitengeneza.

FundiKalibu
Basi anza na bomba la moshi: lipigwe brashi hadi juu, maana masizi yaliyoganda kama lami yanaweza kushika moto. Saruji ikishakauka, washa vijiti vichache tu vya kuni kwa siku za mwanzo.